Jina la Mazrui: Asili Yake, Maana Yake na Wenyewe

I. Utangulizi

Majina ya koo za pwani ya Afrika Mashariki aghalabu huchukuliwa kuwa ushahidi uliokamilika. Mtu akishajua kwamba fulani ni Mbusaidi, Mnabahani au Mbarwani, huona kwamba ameshajua atokako, na pengine hata aliko. Mtazamo huo umezua mijadala mingi, baadhi yake ikiwa michungu, kuhusu nani ni mwenyeji wa pwani na nani ni mgeni. Makala haya yanakusudia kulichunguza jina moja la aina hiyo, nalo ni Mazrui, kwa kuangalia maana yake kilugha na historia ya baadhi ya watu maarufu walioitwa kwalo. Jina hili limechaguliwa kwa sababu halikukaa katika daraja moja la maisha. Linapatikana katika orodha ya maliwali wa Mombasa, katika orodha ya makadhi wakuu wa Kenya, na katika majalada ya vitabu vya karne ya 20. Hoja itakayotetewa ni kwamba jina la nisba husema kweli, lakini husema sehemu ndogo tu ya kweli. Na kwamba sehemu iliyobakia haina budi kutafutwa katika ardhi na katika lugha ambamo jina hilo liliota.

II. Maana ya neno

Neno Mazrui lina asili ya Kiarabu. Mzizi wake ni konsonanti tatu, yaani zai, ra na ain, ambazo kwa pamoja hubeba dhana ya kupanda mbegu na kuotesha. Kutokana na mzizi huo Waarabu wana kitenzi zara'a, alipanda mbegu. Wana nomino mazra'a, mahali palimwapo, yaani shamba. Na wana umbo la mtendwa, mazru', kilichopandwa. Umbo hili la mwisho likitiwa kiambishi tamati cha nisba, ambacho kazi yake ni kumnasibisha mtu na kabila, mahali au kazi, hupatikana Mazru'i. Wingi wake kwa Kiarabu ni Mazari', na umbo hilo ndilo litumikalo Oman na katika nchi za Ghuba kuutaja ukoo mzima. Huko Abu Dhabi jina lilo hilo huonekana mara nyingi katika hati za Kilatini likiandikwa Al Mazrouei.

Kiswahili kilipolipokea jina hili kililitengeneza kwa kadiri ya mahitaji yake. Sauti ya ain ilitupwa, kwa kuwa haimo katika mfumo wa sauti za Kiswahili. Kitangulizi al- nacho kilitoweka katika mazungumzo, ingawa kilibaki katika hati na katika nyaraka za kidini. Wingi wa Kiarabu haukufuatwa. Badala yake watu walisema akina Mazrui, au Wamazrui. Inafaa kukumbuka hapa kwamba silabi ma- iliyo mwanzoni mwa jina hili si kiambishi cha ngeli kama ilivyo katika mashamba au mawe. Ni sehemu ya umbo la Kiarabu la mtendwa, ndiyo sababu haiwezi kuondolewa ili kupata umoja.

Yafaa kulilinganisha jina hili na neno la cheo walichokuwa nacho wenyewe Mombasa. Kwa Kiarabu mtawala wa jimbo ni wali. Waswahili walilichukua neno hilo pamoja na kitangulizi chake, wakapata liwali, kisha wakalipa wingi wa Kibantu, maliwali. Hivyo basi, katika jina la ukoo kitangulizi kilidondoshwa, na katika jina la cheo kikamezwa. Lugha haikupokea vitu hivi kama kasuku apokeavyo maneno. Ilivikata na kuvishona upya ili vimwenee mvaaji wake.

Tofauti nyingine iliyo muhimu ni ile iliyopo kati ya jina hili na majina ya mataifa ya wenyeji wa Mombasa. Thenashara Taifa wa Mombasa wamegawika katika mafungu mawili, Thalatha Taifa na Tisa Taifa. Thalatha Taifa ni Wachangamwe, Wakilindini na Watangana. Katika Tisa Taifa wamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate na wengineo. Mengi ya majina hayo ni ya miji na mitaa: mtu huitwa kwa mahali walipokaa wazee wake. Jina la Mazrui halitaji mji wowote. Linataja ukoo, na linahamika pamoja na mwenyewe popote aendapo.

Hata hivyo, maana ya mzizi isichukuliwe kuwa ndiyo historia. Kwamba neno linatokana na kupanda mbegu hakuthibitishi kwamba mababu wa ukoo walikuwa wakulima, kama vile ambavyo kuitwa Simba hakumfanyi mtu kuwa mnyama. Maana ya mzizi ni taa ya kumulikia tu. Njia yenyewe haina budi kutembewa kwa ushahidi mwingine.

III. Jina la watawala

Ukoo wa Mazrui uliingia katika siasa za Mombasa kwa mlango wa vita vya Waomani na Wareno. Mwaka 1698, baada ya mazingiwa yaliyodumu tangu 1696, majeshi ya maimamu wa Kiyaarubi wa Oman yaliitwaa Ngome ya Mombasa. Wareno waliirudia mwaka 1728 kwa muda mfupi, wakafukuzwa tena mwaka 1729. Mwishoni mwa miaka ya 1730 Muhammad bin Uthman al-Mazrui alifanywa liwali wa mji kwa niaba ya imamu wa Oman.

Mambo yalibadilika pale utawala wa Oman ulipotoka mikononi mwa Wayaarubi na kuingia mikononi mwa Ahmad bin Said al-Busaidi katika miaka ya 1740. Muhammad bin Uthman alikataa kumtii mtawala mpya. Wajumbe waliotumwa kutoka Oman walimuua kwa hila, na ndugu yake, Ali bin Uthman, akafungwa ndani ya Ngome. Ali alitoroka, akaungwa mkono na watu wa mji na wa bara, akaitwaa Ngome na kushika uliwali. Tukio hili lina maana kubwa kuliko linavyopewa kwa kawaida. Liwali wa kwanza aliwekwa na Oman; huyu wa pili aliwekwa na nguvu za Mombasa yenyewe. Tangu hapo Mazrui hawakuwa tena mawakili wa mtu wa ng'ambo. Utawala wao ulitegemea mizani ya Thalatha Taifa na Tisa Taifa, pamoja na urafiki wao na Wamijikenda, na kila mizani hiyo ilipoyumba, nao waliyumba.

Kwa muda wa karibu miaka 90 Mombasa ilikuwa chini ya ukoo huu. Kisiwa cha Pemba, kilichokuwa ghala ya chakula cha mji, kilikuwa mikononi mwao hadi miaka ya mwanzo ya 1820. Takriban mwaka 1812, wakishirikiana na Pate, walijaribu kuitiisha Lamu, wakashindwa vibaya katika vita vya Shela. Kushindwa huko kuliwapa Wabusaidi mlango wa kuingia pwani ya kaskazini. Shida ilipozidi, Mazrui walitafuta hifadhi ya Waingereza, na Februari 1824 Kapteni Owen aliitangaza Mombasa kuwa chini ya ulinzi wa mfalme wake. Serikali ya London haikuliridhia jambo hilo, na ulinzi ukaondolewa mwaka 1826. Kilichobaki ni jina: ghuba ya Port Reitz ingali inaitwa kwa jina la Luteni Reitz, aliyeachwa na Owen kusimamia mji na kufariki mwaka ule ule wa 1824.

Mshairi mkuu wa zama hizo, Muyaka bin Haji, alikuwa upande wa Mombasa na watawala wake, na tungo zake za siasa zilikuwa silaha katika ugomvi wao na Sayyid Said wa Oman na Unguja. Jambo hili lastahiki kuzingatiwa. Ukoo wenye jina la Kiarabu ulitetewa mbele ya umma kwa Kiswahili cha Kimvita, wala si kwa lugha ya jina lake.

Mwaka 1837 mizani ya mji ilivunjika, na Sayyid Said akaitwaa Mombasa. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, na wakubwa wengine wa ukoo walikamatwa, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas nchini Uajemi, nao hawakurudi.

IV. Gasi, Takaungu na waliopanda

Waliosalimika waligawanyika pande mbili. Wengine walielekea kusini wakafanya makao Gasi, na wengine walielekea kaskazini wakakaa Takaungu. Walioshika upanga sasa wakashika ardhi. Katika karne ya 19 Takaungu na viunga vyake palikuwa mahali pa kilimo kikubwa cha nafaka iliyosafirishwa kwa majahazi.

Hapa maana ya jina yakutana na historia kwa namna inayouma. Ukoo ulioitwa kwa kupandwa ulikuwa sasa na mashamba, lakini waliopanda hawakuwa wenye jina. Mbegu zilifukiwa, palizi zikapigwa na mavuno yakabebwa na watumwa. Wengi wao walitoroka na kuanzisha vijiji vya watoro katika bara ya Malindi na Takaungu. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, waliokuwa watumwa walibaki juu ya ardhi waliyoilima pasipo hati yoyote. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai waonyeshe ushahidi wa maandishi, jambo lililowafaa waliokuwa na nyaraka na majina ya kuandikishwa. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu iliyoweka sehemu ya ardhi ya Takaungu katika amana kwa ajili ya ukoo wa Mazrui. Sheria hiyo ilifutwa na Bunge la Kenya mwaka 1989, na madai ya ardhi hiyo yakafikishwa mahakamani. Kwa hiyo jina si pambo tu. Kwa muda wa zaidi ya miaka 70 jina hili lilikuwa hati ya shamba.

Katika upande wa Gasi aliyevuma ni Mbaruk bin Rashid, mwana wa liwali yule wa mwisho. Kwa miongo kadhaa alipigana na masultani wa Unguja, akishindwa na kuinuka tena. Vita vyake vya mwisho vilianzia Takaungu. Mtawala wa huko, Salim bin Khamis, alifariki mwanzoni mwa mwaka 1895, na kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani ikamweka mrithi iliyemtaka yenyewe. Waliopingwa waliasi, na Mbaruk akajiunga nao. Hamisi bin Kombo wa Mtwapa, ambaye nguvu zake zilikuwa za Waswahili wa mji wake, naye aliingia vitani. Waingereza waliivunja ngome ya Mbaruk huko Mweli mwezi wa Agosti 1895, na wakaleta askari kutoka Uhindi. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani. Aliishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910. Vitabu vya wakati huo vilikiita kitendo chake uasi. Lakini asi humwasi mwenye haki ya kutiiwa, na hiyo haki ndiyo hasa iliyokuwa ikibishaniwa.

V. Jina la wanazuoni

Upanga ulipofika kikomo, kalamu ilikuwa imekwisha kushikwa. Mazrui walipofika pwani walikuwa wa madhehebu ya Ibadhi, lakini kadiri walivyochanganyika na wenyeji wengi wao waliyafuata madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waswahili. Mmoja wa walioongoza mabadiliko hayo ni Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui (1825–1894), mwanachuoni ambaye misimamo yake ilimfikisha gerezani wakati wa Sayyid Barghash. Kwa kubadili madhehebu, ukoo ulisogea mbali na Oman na kukaribia msikiti wa jirani.

Mwanawe, Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891–1947), ndiye aliyelipa jina hili maana mpya. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Al-Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Humo aliwakabili watu wa Mombasa kwa Kiswahili juu ya elimu, mila, uvivu, ukoloni na kuuzwa kwa ardhi. Baadhi ya makala yake yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Alishughulikia pia hati za Kiarabu ili ziweze kubeba sauti za Kiswahili kama p, ch, g na v, ambazo alfabeti ya Kiarabu haikuzipa herufi zake. Mwaka 1937 alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya, akashika kazi hiyo hadi kufariki kwake.

Sheikh Al-Amin aliandika vilevile historia ya ukoo wake, nayo aliiandika kwa Kiarabu. Tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1995. Mgawanyo huu wa lugha una fundisho. Alipotaka kuihifadhi nasaba alitumia lugha ya nasaba. Alipotaka kuwaamsha walio hai alitumia lugha yao, ambayo pia ilikuwa yake. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui (1912–1982), aliyekuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1963 hadi 1968, aliifuata njia hiyo hiyo. Aliandika kwa Kiswahili maisha ya makhalifa wa mwanzo wa Uislamu, na mwaka 1972 akaanzisha gazeti la Sauti ya Haki.

VI. Kutoka nisba hadi jina la mwisho

Katika karne ya 20 jina lenyewe lilibadilika umbo na kazi. Zamani mtu alitajwa kwa mnyororo: jina lake, bin fulani, bin fulani, kisha nisba. Daftari za shule na pasipoti hazikuwa na nafasi ya mnyororo huo. Bin ikadondoka, al- ikadondoka, na nisba ikageuka kuwa jina la mwisho kwa desturi ya Kizungu. Hivyo mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah al-Mazrui akajulikana duniani kwa jina la Ali A. Mazrui.

Ali Mazrui alizaliwa Mombasa tarehe 24 Februari 1933. Alisoma Manchester, Columbia na Oxford, akafundisha Makerere hadi utawala wa Idi Amin ulipomfanya aondoke mwaka 1973, kisha akafundisha Marekani katika vyuo vikuu vya Michigan na Binghamton. Mihadhara yake ya Reith katika idhaa ya BBC mwaka 1979, na filamu zake za televisheni kuhusu Waafrika zilizoonyeshwa mwaka 1986, zilimfikisha kwa umma mpana. Nadharia yake iliyojulikana zaidi ni kwamba Afrika ina urithi wa aina tatu: wa asili yake, wa Uislamu na wa Magharibi. Si vigumu kuona kwamba nadharia hiyo ilimhusu mwenyewe. Jina lake lilikuwa la Kiarabu, lugha ya nyumbani kwao Kiswahili, na lugha ya vitabu vyake Kiingereza. Orodha ya maandishi yake ilipokusanywa katika kitabu, kitabu hicho kilipewa jina lenye neno Mazruiana, na nisba iliyoanza na kiambishi cha Kiarabu ikapokea kiambishi cha Kilatini.

Mwingine ni Alamin Mazrui, mwanaisimu na mwandishi wa Kiswahili aliyezaliwa mwaka 1948. Tamthilia yake, Kilio cha Haki, iliyochapishwa mwaka 1981, inahusu wafanyakazi wa mlowezi wanaodai haki zao wakiongozwa na mwanamke, Lanina. Mwaka 1982 alikamatwa na kuwekwa kizuizini, na mashairi yaliyotokana na kipindi hicho yalichapishwa mwaka 1988 katika diwani ya Chembe cha Moyo. Katika orodha ndefu ya wenye jina hili, huyu ndiye aliyeipa sauti katika jukwaa hali ya watu watoao jasho na wasiovuna. Kilichonyamazwa katika historia ya mashamba ya Takaungu kilipata mahali pa kusemewa katika fasihi ya Kiswahili.

VII. Lisilosemwa na jina

Imebaki hoja ya nani ni mwenyeji. Nisba hupita kwa baba peke yake. Mtu akihesabu vizazi vinane nyuma yake, ana nafasi 256 za mababu na mabibi katika kizazi hicho cha nane. Hata kama ndoa za binamu zitazipunguza nafasi hizo, jina la ukoo humtaja mmoja tu kati yao. Wengine wote, wakiwemo mabibi wa Kimvita, wa Kijomvu, wa Kimijikenda na masuria ambao hawakuulizwa hiari yao, wamo katika damu lakini hawamo katika jina. Wao ndio waliowaimbia watoto wa Mazrui bembelezi, na waliwaimbia kwa Kiswahili. Kumwita mtu mgeni kwa sababu ya nisba yake ni kumhesabu babu mmoja na kuwasahau wengine wote. Vilevile kujivunia nisba hiyo peke yake, na kujiona bora kwa ajili yake, ni kosa lilo hilo likitazamwa kwa upande wa pili.

VIII. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba jina la Mazrui lilikuja na maana ya kilichopandwa, na kwamba maana hiyo ilijazwa kwa namna mbalimbali: kwa uliwali, kwa mashamba, kwa vita, kwa elimu na kwa uandishi. Mbegu hutoka mbali, lakini mmea huchukua sura yake kutokana na udongo, na mkulima asiyetajwa ana haki katika mavuno.

Profesa Ali Mazrui alifariki Marekani mwezi wa Oktoba 2014. Maiti yake ilirudishwa Mombasa, kwa kuwa alitaka azikwe kwao, ikazikwa katika makaburi ya Mazrui yaliyo karibu na Ngome. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno, ikatwaliwa na Waomani, ikakaliwa na mababu zake, kisha ikapotezwa nao. Yeye hakuirudia kwa ajili ya utawala. Aliurudia udongo.